Ngazi ya Mteremkoni

Mwenye kutoka Fort Jesus akaifuata Ndia Kuu, kisha akaelekea Msikiti wa Mandhry, hukutana na njia nyembamba za Mji wa Kale wa Mombasa, nyingine zikishuka kuelekea bandarini. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zisipotunzwa, mvua na chumvi ya bahari huzila.

Majuzi, baada ya swala ya alasiri, nilimkuta fundi kijana akipaka chokaa chini ya roshani. Mguu mmoja wa ngazi yake ulisimama juu ya njia, wa pili juu ya vipande vya mbao, maana pale ni mteremko. Kila pikipiki ilipopita, mbao zilisogea.

“Mwanangu, nani amekushikia?”

“Mwenyezi Mungu, Sheikh.”

Nilinyamaza. Neno lake lilikuwa la haki, lakini tawakkul haimwondolei mja wajibu wa kufunga kamba. Kabla sijasema, mama mwenye nyumba alifungua dirisha, akamteremshia kamba.

“Ifunge ngazi kwenye nguzo ya roshani, mwanangu. Nawe una mama akungojaye.”

Akaifunga. Nami, niliyewapita wengi kama yeye, niliweka bakora chini nikaishika ngazi hadi akashuka salama.

Dada zangu, mkiita fundi nyumbani, ulizeni kwanza nani atashika ngazi, na ujira wake mulipe. Roshani hutengenezwa tena. Mtoto wa watu harudi.