Mti haudanganyi?

Najua niliahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata, na itakuja. Leo kuna jambo lingine ambalo limenikaa moyoni tangu nirudi kutoka nyumbani Kithyoko, kwa hiyo mtanivumilia.

Kwa wasiopajua, Kithyoko ni soko dogo kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, ukishapita Matuu na kabla hujafika Mwingi. Ni upande mkavu wa Machakos. Mvua tunayoitegemea ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi watu hupanda wakijua wanabahatisha. Ukipanda mapema mno, mbegu inaharibika mchangani. Ukichelewa, mvua inakwisha kabla ndengu hazijatoa maua.

Susu (ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya) hutazama migunga iliyo kando ya mto. Ikichipua majani mabichi wakati jua bado linachoma, yeye hupanda ndengu kwenye vumbi. "Mti haudanganyi," husema. Halafu huongeza neno ambalo nimelisikia kwa karibu kila mzee wa kwetu: zamani mvua haikuwa inakosa, imeharibika juzi juzi tu.

Nilipomaliza digrii ya kompyuta niliyaona maneno hayo mawili kama programu ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu. Watu wanaitumia miaka na miaka kwa sababu waliikuta inatumika. Basi likizo moja nikakaa na tarakilishi, nikapakua data za mvua za CHIRPS. Hizi hutolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara; huunganisha picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya mvua, kuanzia mwaka 1981, kwa miraba ya kama kilomita 5. Nikachukua mraba wetu, nikachora grafu. Ilitoka kama meno ya mzee: marefu, mafupi na mapengo. Miaka ya "zamani" ilikuwa na mapengo yake pia.

Nikampelekea Susu. Aliuliza lile pengo kubwa ni la mwaka gani. Nikamwambia ni mvua ya Machi hadi Mei, 1984. Akacheka. "Si hiyo ndiyo Nikw'a Ngwete?"

Nikw'a Ngwete ni jina la njaa. Maana yake ni kama "ninakufa nikiwa nacho mkononi": watu walikuwa na pesa lakini chakula cha kununua hakikuwepo. Wakamba hutoa majina kwa njaa zao. Susu akaendelea kunihesabia, moja baada ya nyingine, mpaka akafika Ngomanisye, ile iliyoenea kila mahali mwishoni mwa karne ya 19, ambayo aliisikia kwa mama yake. Mwanamke aliyeniambia kwamba mvua haikuwa inakosa alikaa nusu saa akinitajia miaka iliyokosa. Hakuona shida yoyote. Mimi niliiona, na nikafurahi kama mtu aliyekuta kosa kwenye programu ya mwenzake :-)

Ngojeni sasa zamu yangu.

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilikuwa mibaya. Migunga ilichipua hata hivyo. Susu alipanda, mbegu zikapotea. Kituo cha ICPAC, kinachotabiri hali ya hewa kwa kanda yetu, kilikuwa kimetangaza mapema kwamba mwisho wa 2022 ungekuwa mkavu, na ukawa. Kwangu kesi ilikuwa imekwisha. Wataalamu ndio, miti hapana.

Mwaka 2023 wataalamu hao hao wakatabiri mvua nyingi. Kulikuwa na El Nino, na Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia. Mambo hayo mawili yakikutana, mvua yetu ya mwisho wa mwaka kwa kawaida huzidi. Susu akaniomba pesa za vibarua wa kufukua mitaro ya fanya juu katika shamba la chini. Nikakubali. Kabla sijatuma, mwezi wa Oktoba, Rais William Ruto akasema hadharani kwamba wataalamu wamebadilisha, hakutakuwa na El Nino ya kuleta maafa, ni mvua tu iliyozidi kidogo. Nikasoma kichwa cha habari. Nikampigia Susu simu nikamwambia tuhifadhi hizo pesa.

"Watu wa hali ya hewa wamesema hivyo?"

"Ndiyo Susu, Rais amesema wamesema."

"Wewe umewasikia wao?"

Sikuwa nimewasikia. Utabiri wenyewe ulikuwa kwenye intaneti, kurasa chache tu, na mimi ndiye mwenye digrii na bando. Sikuufungua. Nilijibu kitu kama "Susu, hayo ni mambo ya sayansi," jibu ambalo hata sasa nikilikumbuka najificha uso.

Mwezi wa Novemba mvua ilikuja kwa hasira. Kufikia mapema Desemba zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa kwa mafuriko nchini, na Garissa, Wajir na Mandera ziliumia sana. Kwetu hakufa mtu. Maji yaliruka mitaro iliyojaa mchanga, yakachukua ndengu zote za shamba la chini pamoja na udongo wa juu. Susu hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilishawishika kusema basi, wazee walikuwa sahihi. Lakini hilo nalo si kweli. Migunga ilichipua 2023 kama ilivyochipua 2021. Mizizi yake hufika chini sana, kwa hiyo inaweza kutoa majani kabla hata tone halijaanguka. Inaweza kukuambia msimu umekaribia, kiasi haisemi. Mwaka ule Susu hakupatia kwa mti. Alipatia kwa kuuliza nani amesema.

Na wataalamu je? Wao hugawa misimu katika mafungu matatu: chini ya kawaida, kawaida, juu ya kawaida. Bila kujua chochote, kila fungu lina kama asilimia 33. Wakisema 55 kwa mvua nyingi, bado kuna 45 kwingine, kwa hiyo msimu mmoja hauwezi kuwasuta wala kuwasifu. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Glenn Brier, alitoa njia ya kuwapima mwaka 1950: chukua uwezekano uliotajwa, toa 1 kama jambo limetokea au 0 kama halikutokea, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha tafuta wastani wa misimu yote. Anayesema nusu kwa nusu kila mara hupata 0.25. Ukipata chini ya hapo, umempita huyo. Sharti ni moja, useme kabla.

Basi nimeandika programu ndogo. Kila Septemba tunaingiza utabiri wa tatu: wa Idara ya Hali ya Hewa, wangu, na wa Susu. Asilimia hazimpendezi, kwa hiyo anapewa punje 10 za mahindi na bakuli tatu. Kipima mvua kipo kwenye nguzo ya boma, na binamu yangu hukisoma kila asubuhi. Misimu bado ni michache mno kusema nani anaongoza, na nikiwa mkweli, natamani niwe mimi.

Mara ya mwisho Susu aliweka punje nne, tatu na mbili. Moja akabaki nayo mkononi. Nikamwambia lazima zote kumi ziingie, programu inakataa. Akasema hiyo ni ya lile asilolijua, na haendi kuliweka kwenye bakuli la mtu.

Nimebadilisha programu. Sasa inakubali tisa. Hifadhidata, sehemu ya pili, wiki ijayo.