Hakuwa mvivu

Leo sileti habari za barabara wala bei ya unga. Nakuja kuungama.

Dada yangu alipokuwa kambini Bulengo, karibu na Goma, nilikuwa ninamtembelea kila wiki. Binti yake wa miaka 11 akitumwa maji, aliketi njiani mara tatu na bidoni yake. Mimi, mjomba wake, nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Majirani walisema amerogwa, akapelekwa chumba cha maombi, akafungishwa siku mbili.

Muuguzi mmoja ndiye aliyemsikiliza kifuani. Akanyamaza, akasikiliza tena, akatutuma mjini kwa ekografia ya moyo. Daktari akatupa jina: ugonjwa wa Ebstein. Ni nadra, mtu anazaliwa nao.

Moyo una milango inayoitwa vali. Ule wa upande wa kulia una vipande vitatu vinavyofunga ili damu isirudi nyuma. Kwa mtoto wetu, vipande vingine vimeota chini mno na kushikana na ukuta wa moyo. Mlango haufungi, damu inarudi. Tena kuna tundu ndani ya moyo, damu isiyo na hewa safi inapitia hapo, midomo inakuwa ya buluu.

Wilhelm Ebstein, daktari Mjerumani, aliueleza mwaka 1866 baada ya kupasua maiti ya kibarua wa miaka 19, aliyesumbuliwa na pumzi tangu utoto. Nikajiuliza: naye aliitwa mvivu?

Lakini unatengenezwa. Mwaka 1993, José Pedro da Silva wa Brazil alianza kubandua vile vipande, kuvizungusha na kuvishona pamoja kama faneli ya wauza mafuta, kisha kuirudisha mahali pake. Mtoto anabaki na mlango wake mwenyewe, si wa chuma unaodai dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yote.

Daktari alisema hapa mjini hawafanyi upasuaji huo, lazima kusafiri. Faili iko tayari, pesa bado. Tunasubiri.

Nilimwomba mtoto msamaha. Akaniuliza: “Basi mjomba, utanibebea bidoni?” Ninaibeba.

Wazazi, mtoto akichoka kuliko wenzake, moyo ukimwenda mbio, midomo ikigeuka rangi, msimpige, msimfungishe. Mpelekeni kituo cha afya, asikilizwe moyo.