Daftari la filamu

Jumamosi, 2 Machi 2024
Neptune Frost (2021), ya Saul Williams na Anisia Uzeyman. Hadithi ni ya Burundi, ila imepigwa hapa kwetu Rwanda. Mengine yamenipita, na sijali. Mavazi ya Cedric Mizero, yenye nyaya na vipuri vya kompyuta mbovu, yamenishika macho. Koltani ya kompyuta hizo inatoka mgodini, inarudi ikiwa takataka, na vijana wanaivaa.

Jumapili, 17 Machi
Nimerudia Munyurangabo (2007) ya Lee Isaac Chung. Mmarekani, lakini filamu yote ni ya Kinyarwanda. Ngabo na Sangwa wanatoka Kigali na panga ndani ya begi. Ngabo anakwenda kulipiza kisasi cha baba yake. Njiani wanapitia kwa wazazi wa Sangwa, wakae kidogo tu, na hapo ndipo filamu inapotulia. Sangwa anashika jembe pamoja na baba yake. Anakandika ukuta wa nyumba kwa udongo, na kadiri anavyokandika unaona safari inavyomtoka moyoni. Baba naye hataki kumwona Ngabo, Mtutsi, kwake. Panga bado limo begini. Hakuna hotuba ya upatanisho ambayo ingenieleza haya vizuri kuliko ule udongo mikononi mwa kijana. Shairi refu la Edouard Uwayo, karibu na mwisho, lingeweza kuizamisha filamu, limeibeba.

Alhamisi, 11 Aprili
Shooting Dogs (2005). Tarehe kama ya leo, mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka shule ya ETO, Kicukiro, wakawaacha watu zaidi ya 2,000 waliokimbilia humo. Michael Caton-Jones alipiga filamu palepale shuleni, na baadhi ya wafanyakazi wake ni manusura. Hadithi imewaelemea mno padri na mwalimu, Wazungu wote wawili, na hilo linaniuma: waliouawa ni wengi, tunaowafahamu wachache. Lakini mwishoni, zilipopita picha za manusura hao na habari za ndugu waliowapoteza, nilisimamisha kila moja nikasoma yote.

Jumapili, 28 Aprili
The Mercy of the Jungle ya Joel Karekezi, iliyotwaa tuzo ya Étalon de Yennenga kule Ouagadougou mwaka 2019. Askari wawili wameachwa na kikosi chao katika msitu wa Kongo, mwaka 1998. Marc Zinga anaigiza kwa macho, na anatosha. Kinachonikera ni Kifaransa. Askari wetu wawili, peke yao porini, wangesemezana Kinyarwanda, na Kiswahili wakifika kijijini. Karekezi ana kipaji kikubwa. Natamani filamu yake ijayo iseme kama tunavyosema.