Mwotaji wa Butangi

Mtu akiota usingizini huamka, akaisimulia ndoto yake, na watu wakacheka pamoja naye. Aotaye hali yu macho ndiye aletaye taabu, kwa kuwa ndoto yake huwataka jirani nao waamke.

Ukishuka kutoka Chuka kwenda Marimanti, migomba na mibuni hubaki nyuma, ukaingia nchi ya joto, nchi ya mibuyu na mizinga ya nyuki, ambako chakula ni mtama na uwele, na mashaka ya kila siku ni maji. Sisi tuliozaliwa upande wa Embu, kwenye miteremko ambayo kila bonde lina kijito chake, tulilitamka neno kisima bila kuujua uzito wake. Katika nchi hiyo kavu ya Tharaka ndiko alikozaliwa Kithaka wa Mberia, mtunzi wa mchezo uitwao Kifo Kisimani, uliochapishwa mwaka 2001 na kusomwa na wanafunzi wengi wa Kenya. Sidhani kama mtu wa miteremko angalifikiri kumwua shujaa wake mahali pale.

Shujaa huyo ni Mwelusi, kijana wa Butangi, nchi ya kubuniwa inayotawaliwa na Mtemi Bokono. Hatafuti cheo wala mali. Anachoota ni kwamba watu wa Butangi watawaliwe kwa haki. Kwa ajili ya ndoto hiyo anafungwa, anateswa, na mwishowe anauawa kisimani. Naye amwuaye si askari wa Mtemi. Ni Gege, ndugu yake, aliyeahidiwa kumwoa binti wa Mtemi.

Shuleni mimi nilipewa nafasi ya Gege. Wengi wausomapo mchezo huo humlilia Mwelusi, na ni haki yao. Lakini mtu aliyekwisha kuyavaa mavazi ya Gege humsikiliza Gege pia. Huyu naye ni mwotaji. Anaota mke, nyumba, na heshima mbele za watu. Ndoto kama hiyo haimsumbui mtu: ipeleke Meru, ipeleke Embu, wazee wataisifu na kuuliza mahari ni kiasi gani. Kwa hiyo mimi siamini kwamba mchezo huu ni vita baina ya mwotaji na watu wasioota. Ni ndoto mbili katika jamaa moja, na moja kati yake ina kibali cha wote. Mwelusi aliona mbali sana, hata Butangi ya kesho. Aliyekuwa karibu naye hakumwona vizuri.

Katika Natala, mchezo wake mwingine wa mwaka 1997, mtunzi huyo amemwonyesha mwanamke ambaye ndoto yake ni ndogo kabisa: hataki kurithiwa na shemeji yake. Hata hiyo inatosha kuwaudhi watu.

Kijijini petu palikuwa na mzee aliyetaka tuchimbe mfereji kutoka kijitoni hadi mashamba ya chini. Alipima njia yake kwa kamba na vijiti, peke yake, mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyemfunga wala aliyemgusa. Walimpa jina la utani, Injinia, wakamwita hivyo mpaka watoto wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake, naye akafa mzee, mfereji haujachimbwa. Nadhani waotaji wengi humalizwa hivyo. Jukwaa halina nafasi ya kuonyesha jina la utani likifanya kazi yake kwa miaka thelathini. Ndiyo sababu huhitaji silaha.

Siku ya wazazi tuliuonyesha mchezo wetu, na watazamaji walipokwisha kutoka, bibi mmoja alibaki amekaa bencini. Alinipungia mkono, akaniuliza kwa Kiembu:

"Mjukuu wangu, vijana hawa wawili walikuwa na mama?"

Nikamjibu kwamba katika sehemu tuliyoigiza mama haonekani.

"Basi mmemhurumia," akasema, akaushika mkongojo wake na kuinuka.