Makaa ya Tsushima

Muswada wangu ulirudi na sentensi moja ya mhariri: vita vyako havina watu. Iliniuma, siwafichi. Sura ya tisa ilikuwa ya manowari tupu, mizinga inanguruma ile mbaya, na shujaa wangu hachoki wala hatapiki.

Basi nikaenda kwa wauza vitabu vya mitumba, Barabara ya Samora, nikaokota historia ya vita vya Tsushima. Haina jalada, na Kiingereza chake ni cha kusomea na kamusi magotini. Nilitaka mizinga. Kumbe mizinga yenyewe haikuchukua muda. Mchana wa tarehe 27 Mei 1905, Admirali Togo aligeuza meli zake mbele ya Warusi, akawakatia njia, na kufikia kesho yake kikosi cha Urusi kilikuwa kimekwisha. Warusi zaidi ya 4,000 walikufa, Wajapani 117.

Nilichokwama nacho ni safari. Miezi saba! Walitoka Libau, Bahari ya Baltiki, Oktoba 1904, wakasafiri kilomita zaidi ya 30,000. Hawajafika popote, usiku wakaona mashua za wavuvi wa Kiingereza kwenye Bahari ya Kaskazini, wakadhani ni Wajapani (Wajapani, kule!), wakazifyatulia. Meli kubwa zikazunguka Afrika yote, zikatia nanga Nosy Be, Bukini, yaani hapo jirani zetu. Wakakaa miezi miwili na ushee kwenye joto, huku Port Arthur, bandari waliyokuwa wakienda kuiokoa, imeshaanguka.

Na makaa ya mawe, jamani. Kwa kuogopa kuishiwa njiani waliyarundika hadi kwenye sitaha. Mabaharia walipakia juani, vumbi likiwaingia kooni, halafu wakalala humohumo. Hapo nikafunga kitabu kidogo.

Mmoja wao, Novikov-Priboy, baharia wa manowari Oryol, alitekwa. Kambini huko Japani akawauliza wenzake mmoja mmoja waliyoyaona, akaandika. Karatasi zake zikapotea miaka mingi, zikapatikana 1928, na humo ndimo ilimotoka riwaya yake, Tsushima.

Aliuliza. Mimi nilikuwa sijamwuliza mtu yeyote, na baba yangu alikuwa kuli bandarini tangu sijazaliwa.

Jumapili nikamwamkia, nikakaa mkekani na daftari.

"Baba, meli ya saruji mlikuwa mnaipakuaje?"

"Kwani na wewe unataka ukuli?"

Akacheka, akakohoa, halafu akavua shati anionyeshe. Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Nimeishi naye miaka 22, sikuwahi kuliona.

Sura ya tisa nimeichana. Mzee bado anasimulia, kila Jumapili baada ya chai. Tumefika mwaka wake wa pili bandarini, na daftari limejaa.