Usiku mmoja ndani ya MV Victoria

Haya wadau, wengi mmeniuliza meli ya Bukoba ikoje. Mimi nilipanda MV Victoria 2022 nikienda TP, baada ya ule ukarabati uliokamilika 2020. Inaondoka Mwanza usiku, inapita Kemondo, asubuhi mko Bukoba.

Mwenye hela alipie kitanda. Mimi na boom langu lililokwisha nilikaa daraja la tatu, mabegi miguuni. Beba kitenge au sweta, ule upepo wa katikati ya ziwa si mchezo!

Mama alipiga mara nne kabla hatujang'oa nanga. Hajapanda meli tangu 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imebakiza kidogo tu kufika Mwanza. Alikuwepo mazishi ya Igoma. Basi nikaenda kuangalia majaketi ya kuokolea yalipo, nikamwambia nimeyaona. Akanyamaza.

Halafu mtandao ukapotea (hilo nalo mlitegemee). Ulirudi karibu na Kemondo, meseji zake zikaingia zote kwa mpigo. Ya mwisho ya saa kumi usiku: "Umelala?"

Kumbe yeye ndiye hakulala.