Chupa ya petroli

Siku ile umeme ulikatika mapema. Nilimimina petroli ya taa katika chupa ya maji, kwa sababu bidoni ilikuwa inavuja, nikaiweka chini ya meza. Nilijisemea nitaiondoa asubuhi. Asubuhi nikaenda sokoni.

Mtoto wa jirani, wa miaka miwili, alikuja kucheza na wangu. Akaona chupa ya maji, akanywa.

Niliporudi, wamama walikuwa wanatafuta maziwa ili atapike. Muuguzi anayekaa karibu ndiye aliyewakataza: mtoto akitapika, petroli inaweza kuingia katika mapafu, na hapo ndipo inapoua. (Wamama, mshike hilo.) Tulimkimbiza hospitali kwa pikipiki. Alikohoa siku nne, kisha Mungu akamponya.

Watu walinifariji: “Mama, hukukusudia.” Ni kweli, lakini usingizi haukuja. Nikafungua Biblia. Katika Kumbukumbu la Torati 19 kuna mtu anayekata mti msituni, chuma cha shoka kinachomoka na kumwua mwenzake. Huyo anaruhusiwa kukimbilia mji wa makimbilio, akaishi. Nikasema, ndiye mimi.

Kisha nikafika Kutoka 21. Ng’ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng’ombe hana hatia. Lakini kama ng’ombe alikuwa na zoea hilo, mwenyewe akaonywa na asimfunge, basi naye anahukumiwa. Hapo nilifunga kitabu. Mama mkwe wangu alishaniambia mwaka jana: petroli haikai katika chupa ya kunywea. Nilimjibu “ndiyo, mama,” nikaendelea kuosha vyombo. Mimi si mwenye shoka. Mimi ni mwenye ng’ombe.

Na hata yule wa shoka, Hesabu 35 inasema alipaswa kukaa katika mji ule mpaka kuhani mkuu afe. Hakukusudia, na bado aliacha nyumba yake na shamba lake.

Nilikwenda kwa mama wa mtoto na pesa za dawa. Njiani nilikuwa nimetayarisha neno “sikukusudia”. Nilipomwona nikaliacha. Nikasema: “Mama, nilionywa, nikapuuza. Unisamehe.” Alipokea pesa, akanyamaza.

Juma lililopita mtoto alirudi kucheza kwetu. Mama yake alimsindikiza mpaka mlangoni, akainama, akatazama chini ya meza yangu. Nikamwachia atazame.